Utumbo kutoka njia ya haja kubwa: Baada ya operesheni, nini kinafuata?

Maradhi ya wiki hii hayatajwi sebuleni. Mtu yuko chooni, anajikamua, mara nyama nyekundu inatoka nje. Mwanzoni hurudi yenyewe. Baadaye lazima irudishwe kwa mkono. Mwisho hutoka hata kwa kukohoa, au mama anapojitwisha ndoo ya maji. Nguo zinalowa ute na damu, pengine na kinyesi, na mgonjwa anaanza kukwepa harusi, darsa na sala ya jamaa. Wapo wanaoishi hivyo miaka mingi, Mbagala hadi Bunju, wakijiambia ni bawasiri.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, nayo hutoka kama vinundu. Hapa kinachotoka ni puru yenyewe, yaani kipande cha mwisho cha utumbo mpana, na mikunjo yake huonekana ya mviringo, pete juu ya pete. Dawa ya bawasiri hairudishi puru. Zile za kuunguza zinazouzwa mitaani ni hatari zaidi, maana zitachoma utumbo mzima. Isitoshe, mtu mzima anayetokwa na damu njia hiyo hana budi kupimwa kwanza, isije ikawa ni saratani.

Kwa watoto wadogo habari ni nyepesi. Mara nyingi chanzo ni kuhara, kufunga choo, minyoo, utapiamlo au kikohozi cha muda mrefu. Kikitibiwa chanzo, wengi wao hupona bila kisu. Mzazi asikimbilie operesheni, ila ampeleke mtoto akapimwe.

Mtu mzima ndiye anayehitaji upasuaji, na wanaopatwa zaidi ni akina mama wenye umri mkubwa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia tumboni: daktari huivuta puru juu na kuishikiza kwenye mfupa wa chini ya mgongo, kwa nyuzi au kwa wavu maalumu. Ya pili ni kupitia chini, ambapo sehemu iliyolegea hukatwa au hukunjwa na kushonwa. Hii ya pili ni nyepesi kwa mwili, hivyo mara nyingi huchaguliwa kwa wazee na wenye maradhi ya moyo au kifua.

Je, inaponya? Ndiyo, ila swali hilo lisiulizwe siku ya kutoka wodini tu. Utafiti ulioongozwa na madaktari wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, uliwahusu wagonjwa 293. Kwa waliopasuliwa kupitia chini, puru ilitoka tena kwa kiasi cha mtu mmoja kati ya wanne hadi mmoja kati ya watatu. Na hata waliopasuliwa tumboni, baadhi yao iliwarudia. Hakuna njia iliyoonekana wazi kuishinda nyingine. Hata hivyo, kwa njia zote, wagonjwa walisema maisha yao yamekuwa bora zaidi kuliko kabla. Kwa hiyo anayekuahidi kuwa haitarudi kamwe anakudanganya, na anayekwambia usihangaike kwa sababu itarudi tu naye anakudhulumu.

Jambo linalowavunja moyo wengi ni kushindwa kuzuia choo. Misuli ya kinyeo iliyotanuliwa kwa miaka hairudi kukaza kwa wiki moja. Wengi hupata nafuu, lakini taratibu, pengine hadi mwaka mzima, na wapo ambao haiishi kabisa. Kadiri ugonjwa unavyofichwa ndivyo misuli hiyo inavyozidi kuchoka, na hapo ndipo aibu inapotugharimu. Muulize daktari juu ya mazoezi ya kubana kinyeo, jinsi ya kuyafanya na yaanze lini.

Anayebaki na udhuru wa kuvujwa na choo hakuondokewa na sala. Hujisafisha, huvaa kitambaa au pedi safi, na hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia. Ufafanuzi zaidi auombe kwa sheikh wake bila kuona haya. Mashekhe wetu wameyasikia mengi kuliko hayo.

Adui mwingine ni kufunga choo, ambako kunaweza hata kuanza au kuzidi baada ya operesheni ya tumboni. Kujikamua ndiko kunakoirudisha puru nje. Kula dona badala ya sembe, kunde, maharage, mchicha, matembele na papai. Kunywa maji ya kutosha, na mwezi wa Ramadhani yagawe kati ya futari na daku. Usikae chooni muda mrefu. Wiki za mwanzo nyumba nzima ielewe kwamba mama hanyanyui madumu wala gunia la mkaa mpaka daktari amruhusu. Vijana wapo, wabebe wao! Mwanamume aulize mapema pia kuhusu nguvu za kiume, kwani operesheni ya tumboni inaweza kugusa mishipa ya fahamu ya sehemu hizo.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, upewe rufaa kwenda Temeke au Mwananyamala, na ikilazimu Muhimbili. Usiache kurudi kliniki kwa kuwa unajiona mzima, maana puru inaweza kutoka tena baada ya miaka kadhaa. Ikitoka, nenda tena: inaweza kupasuliwa mara ya pili.

Ikitoka na kugoma kurudi, ikavimba, ikauma au kugeuka rangi ya zambarau au nyeusi, hiyo ni dharura. Ifunike kwa kitambaa safi chenye maji, usiilazimishe kwa nguvu, na mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.