Akina Mama wa Mwani Nao Wafundishwe Kuogelea

Kila mwaka, upepo wa kusi unaposhika, anga ya Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, hujaa matiara ya rangi rangi. Wageni hujifunga nayo kwa kamba, wakasimama juu ya ubao na kuteleza baharini. Ni mchezo unaopendeza macho, na hatuna ugomvi nao. Kusi na kaskazi zote mbili huvuma pale zikitokea upande wa bahari, hivyo humrejesha pwani aliyeshindwa. Na mwamba ulio mbele huvunja mawimbi.

Lakini upepo si mkondo. Maji ya bamvua hupanda na kushuka kadiri ya mita 4 kwa muda wa saa 6 hivi. Yanapokupwa, maji yote yaliyoingia ndani ya mwamba hutafuta milango ya kutokea, na aliye karibu na mlango hubebwa nje hata akiwa hodari. Wavuvi wetu wanalijua hilo tangu utotoni. Mgeni aliyefika jana halijui, wala hatumlaumu. Tunamlaumu aliyemkodisha ubao asimwambie. Aliyekamatwa na mkondo asishindane nao uso kwa uso: aelee, apunge mkono, kisha aogelee kwa ubavuni mpaka autoke.

Ndani ya maji hayo hayo wamo akina mama wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Vijiti na kamba zao ni hatari kwa mwenda kasi, naye ni hatari kwao. Masheha na wenye hoteli wakae pamoja, waweke maboya, mipaka ijulikane.

Liko jambo kubwa zaidi. Bahari imezidi joto, na ule mwani wa bei nzuri, kotoni, hufa kwenye maji mafupi. Wataalamu wanawashauri wakulima wausogeze kwenye kina. Shauri ni jema, lakini nani aliyeuliza kama mama huyo anajua kuogelea? Wengi hawajui. Mtoto wa kiume hujifunza kwa kuruka kutoka ukutani Forodhani, au kwa kufuata ngalawa ya babaake. Dada yake huambiwa abaki nyumbani. Na bahari haichagui. Meli ya Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ikielekea Pemba, ilijaa wake kwa waume, wazee kwa watoto.

Hoja ya stara tumeisikia, na jibu lake lipo. Wasichana wa Kijini, Kaskazini Unguja, wamefundishwa kuogelea na kuokoana hali wamevaa mavazi yaliyowafunika mwili mzima. Sisi tuliopita chuoni tunaikumbuka pia kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar, ya kuwahimiza wazazi wawafundishe watoto wao kuogelea.

Skuli zetu zilizo hatua chache na bahari zina ratiba ya mpira. Kipindi cha kuogelea, maji yakiwa ya kifua, hakihitaji bwawa wala jengo. Kinahitaji mwalimu aliyefunzwa, kamba ndefu na madumu matupu ya kuelelea. Tunaiomba Wizara ianze na skuli za Paje na Jambiani, kabla ya kusi ijayo.