Kutembea na Kwenda: Maneno ya Mwendo Wenye Nia

Neno la Kiingereza "stride" huwatatiza wafasiri wengi. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni kwenda kwa hatua ndefu. Walakini maelezo hayo huonyesha urefu wa hatua tu, na kuliacha jambo lililo kubwa zaidi, yaani nia ya mwendaji. Mtu asemwaye kwa neno hilo ajua aendako; hasiti, wala hatazami kando. Si lazima awe na haraka. Basi mfasiri akiandika "alitembea kwa hatua ndefu" huwa amepima miguu akamwacha mwenye miguu.

Shida yenyewe imo katika kitenzi tembea. Wanafunzi wa shule hufundishwa mapema kwamba tembea ni "walk", na somo hilo huwakaa kichwani hata wawapo wafasiri. Lakini katika mazungumzo ya watu, tembea ni kwenda kwa ajili ya kwenda: kunyosha miguu, kubarizi, kuzuru jamaa. Chanika, iliyo pembezoni mwa Dar es Salaam upande wa Ilala, mtu akikutana na jirani njiani akaulizwa, "Wapi huko?", aweza kujibu, "Naenda Pugu mara moja." Hapo muulizaji amepata habari. Lakini akijibu, "Natembea tu, bwana," hajataja mahali, na kwa kutumia neno hilo amejulisha kwamba hana mahali pa kutaja, ama hataki kupataja. Neno tu hapo laongeza nguvu kidogo, bali maana imo tayari katika kitenzi. Kadhalika mgeni asemapo, "Nimekuja kutembea," wenyeji hufahamu kwamba hakuja kudai wala kuuza. Hata maana ile isiyotajwa mbele ya wazee, ya mtu kutembea na mke wa mtu, imetoka katika shina hilohilo la kwenda ovyo. Mfasiri aandikaye kwamba bwana mkubwa fulani "alitembea na katibu wake hadi sokoni" asishangae wasomaji wakicheka.

Kitenzi chenye nia ni enda. Wengi hudhani kwamba enda hueleza kuondoka tu, wala hakina miguu ndani yake, kwa kuwa siku hizi mtu huenda kwa basi, kwa treni au kwa ndege. Asili yake yasema vingine. Shina la kale la Kibantu lenye umbo la -gend- lilikuwa na maana ya kwenda kwa miguu na ya kusafiri. Nalo lingali katika genda ya Kiganda na kugenda ya Kinyarwanda. Kiswahili kiliipoteza g ya mwanzo, bali miguu haikupotea yote: mwendo wa mtu ni jinsi anavyokanyaga ardhi, na methali isemayo mwenda pole hajikwai haina maana yoyote kwa mtu aliyeketi ndani ya gari. Kwa hiyo sentensi fupi, "Akaenda hata mlangoni," mara nyingi humwonyesha mtu mwenye nia kuliko sentensi ndefu iliyopambwa kwa tembea.

Namna ya mwendo Kiswahili huieleza kwa maneno ya kuandamana na jina mwendo au miguu. La kwanza kwa ubora ni kaza. Kukaza ni kutia nguvu kitu kilicholegea, kama kamba au fundo. Mtu akikaza mwendo amekusanya mwili na moyo wake pamoja. Hapo pana nia hasa, na "akakaza mwendo" ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na "stride" penye habari ya mtu anayekabili jambo. Kuchapua miguu ni karibu na huko, ila huelekea zaidi kwenye haraka: achapuaye miguu huenda anaona wingu la mvua. Kuchanja mbuga ni kwenda mbali na kwa nguvu, mtu akiipasua nchi kama apasuavyo kuni. (Asije mtu akalihusisha jina la Chanika na msemo huu kwa sababu tu chana, chanja na chanika yafanana masikioni. Majina ya mahali hayaelezwi kwa kubahatisha.)

Lipo neno moja linalolingana na lile la Kiingereza kwa namna ya ajabu, nalo ni tagaa. Katika Kiingereza cha kale "stride" lilikuwa na maana ya kusimama au kwenda hali miguu imeachana. Na kutagaa ni hivyo hivyo, kupanua miguu, kisha kwenda kwa kuipanua. Ungetazamia basi kwamba tagaa ndilo jibu. Silo. Katika Kiingereza neno lilipanda likapata heshima ya mtu jasiri. Katika Kiswahili limebaki na mwili tu, na pengine huchekesha. Kijana aliyetoka kutahiriwa hutagaa, na mwenye jipu kadhalika. Shujaa wa hadithi akitagaa kwenda kumkabili adui, hadithi imeharibika.

Hali ya piga hatua yataka uangalifu wa namna nyingine. Neno hatua lenye asili ya Kiarabu limekwisha kuchukuliwa na maofisi na magazeti: nchi hupiga hatua, serikali huchukua hatua. Matumizi hayo yamelijaza neno, hata asomaye "alipiga hatua kubwa" hungoja kusikia maendeleo gani yalipatikana.

Misafara ya zamani nayo ilikuwa na neno lake. Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857 akielekea bara, alilitaja katika kitabu chake cha mwaka 1860 neno tirikeza, yaani mwendo wa alasiri ambao wapagazi waliufunga jua likiwa kali ili wafike penye maji siku ya pili. Huo ulikuwa mwendo wenye nia kuliko wote. Lakini misafara ilipokwisha, neno halikupata kazi nyingine.

Lakini tembea lenyewe halikusimama pale lilipokuwa. Gwaride huamriwa "Mbele, tembea!", wala hakuna adhaniaye kwamba askari wale wanabarizi. Tena, Oktoba 1967 Rais Nyerere alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa Februari mwaka huo. Safari za namna hiyo ziliitwa matembezi, na hata leo yapo matembezi ya mshikamano na matembezi ya hisani. Nia hapo imetiwa na neno linalofuata, mshikamano au hisani. Likiondolewa, matembezi hurudi kuwa ya jioni, ya kupunga upepo.

Kwa hiyo daktari aendaye kwa mgonjwa na akaze mwendo; mwenye hasira aingiaye barazani na aende moja kwa moja hata mbele ya hakimu; ajionyeshaye mbele ya watu na atambe, maana nia yake ni kutazamwa. Tembea na aachiwe jirani wa Chanika asiyetaka kusema anakokwenda.