Mgaagaa na Upwa na Msasi wa Mwitu: Maelezo Kuhusu Kitoweo cha Waswahili

Methali isemayo kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu hufundishwa katika shule zetu kama sifa ya bidii. Mwanafunzi huandikiwa ubaoni kuwa mwenye juhudi hufaulu, naye hunakili na kuendelea na methali inayofuata. Maana hiyo si potofu. Hata hivyo, imekiacha nje kitu ambacho Mswahili wa kwanza kuisema alikuwa nacho mbele ya macho yake, nacho ni sinia ya wali. Wali mkavu ni wali usiokuwa na kitoweo, na hiyo ndiyo dhiki inayozungumzwa. Makala haya yananuia kueleza kitoweo ni kitu gani katika maisha ya watu wa pwani, hususan kile kilichotoka mwituni. Namna kilivyopikwa na kinavyoweza kupikwa hata sasa. Na yaliyojiri pale sheria ilipoufunga mwitu na kuuacha upwa wazi.

Tuanze na neno lenyewe. Kitoweo kinatokana na kitenzi towea, yaani kula chakula kikuu kwa kitu cha kukiteremshia. Sisi tuliolelewa bara tumezoea kuita kila kitu mboga: sukumawiki ni mboga, maharagwe ni mboga, na hata nyama ya ng'ombe ni mboga. Mswahili wa Lamu au Mombasa huona ajabu kusikia mbuzi akiitwa mboga. Kwake yeye chakula kina pande mbili. Upande mmoja kuna wali, ugali, muhogo au mkate. Upande wa pili kuna kitoweo, nacho kwa kawaida ni samaki au nyama. Mtu anayekosa upande huu wa pili kwa siku kadhaa hushikwa na uchu. Siku hizi magazeti yetu hayaandiki neno hili ila kwa wanasiasa, ambao kila mmoja wao ana uchu wa madaraka. Ni vyema ikumbukwe kwamba uchu ulikuwa wa jikoni kabla haujaingia bungeni. Asili yake ni ile hamu kali ya nyama au samaki inayomshika mtu ambaye tumbo lake limejaa lakini ulimi wake una njaa.

Mpangilio huu wa chakula ni wa kale. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chano kubwa la mti. Juu yake pamewekwa kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake pana achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji aliyewahi kualikwa harusini Mombasa hatahitaji kuelezwa zaidi. Takriban miaka 700 imepita, na mgeni huyo angeketi leo kwenye jamvi na kula bila kuuliza mkono uanzie wapi.

Kitoweo cha pwani kimekuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ni upwa, ile sehemu ya ufuo inayofunikwa na maji yakijaa na kufunuliwa yakipwa. Kugaagaa hapa si kuzurura ovyo. Mgaagaa hujua mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu katika pwani ya Kenya, na miamba ambayo siku nyingine haionekani huanikwa juani kwa saa chache. Hapo wanawake na watoto hushuka na vijiti vya kuchokolea pweza pangoni, wakaokota chaza na kombe na kukamata kaa. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, na siku hizo upwa hautoi kitu cha kutajika. Aidha, kuna msimu wa pepo. Kusi inapovuma kwa nguvu, takriban kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, bahari huchafuka na vyombo vidogo hukaa bandarini. Kaskazi inapoingia mwishoni mwa mwaka, samaki hurejea kwa wingi. Kwa hiyo ilikuwapo miezi ambayo mlango wa bahari uliegeshwa. Katika miezi hiyo watu waligeukia mlango wa pili.

Mlango huo ni mwitu, na bawabu wake ni msasi. Neno hili limechakaa masikioni mwetu kwa sababu mwindaji amelifukuza, lakini msasi na usasi ni maneno yanayostahili kurudishwa matumizini. Msasi wa pwani aliwinda paa, funo, kulungu, kuro na nyati. (Ifahamike kwamba mnyama wa Ulaya ambaye nyama yake husifiwa sana katika vitabu vya mapishi vya huko hayupo katika misitu yetu. Ndiyo maana wafasiri wa Biblia walilazimika kuazima neno ayala, ambalo hakuna msasi wa Tana aliyewahi kulitamka akimnyatia mnyama.) Wasasi hodari zaidi hawakuwa watu wa mijini. Walikuwa Waata, ambao pia huitwa Wasanye, waliosifika kwa pinde zao nzito katika nchi ya nyuma ya Malindi na kandokando ya mito. Na walikuwa Aweer wa msitu wa Boni, upande wa bara wa Lamu, ambao wengi hupenda kuwaita Waboni.

Fasihi yetu inawafahamu watu hawa kuliko mitaala yetu inavyowafahamu. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na katika masimulizi ya nathari ambayo Edward Steere aliyachapisha mwaka 1870, Liyongo anapokimbia mji anaishi na watu wa msituni, Wasanye na Wadahalo wakiwa miongoni mwao. Mfalme anawahonga wamuue. Nao wanabuni hila ya chakula: wale makoma kwa kikoa, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake na kuwaangushia wenzake, na zamu ya Liyongo itakapofika wamfume akiwa juu. Liyongo hapandi. Anauchukua uta wake na kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Wahakiki wengi husoma tukio hili kama ushahidi wa ushujaa, nami sina ugomvi nao, ila naona kuwa limebeba pia ushahidi wa desturi. Kikoa ni ulaji wa zamu, ambapo leo gharama ni yako na kesho ni yangu, na hila ile isingekuwa na maana kwa hadhira isiyoujua utaratibu huo. Hila inafanya kazi kwa kuwa kukataa kikoa ni kujitenga na watu.

Katika mkusanyiko huohuo wa Steere kuna kisa cha Sultani Darai, ambamo maskini mmoja anatumia senti zake za mwisho kumnunua paa badala ya kujinunulia chakula. Majirani wanamcheka. Paa yule anamtajirisha, kisha anapougua, tajiri huyu mpya anaamuru apewe uji wa mtama. Msimuliaji hahitaji kutueleza zaidi kuhusu utovu wa shukrani: kipimo chake kimo bakulini.

Nyama ya mwitu ilipofika mjini ilikutana na swali la uhalali. Kwa mujibu wa fikihi ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, windo lililochomwa na kitu chenye ncha, mfano mshale au mkuki, likafa kabla ya kufikiwa, ni halali iwapo aliyelitupia ni mtu ambaye kuchinja kwake kunakubalika. Likikutwa bado lina uhai, sharti lichinjwe. Lililokufa kwa uzito wa rungu au jiwe haliliwi. Nguruwe wa mwituni na ngiri hawaingii mlangoni kabisa. Kanuni hizi ziliamua ni nyama gani itakayouzwa mjini na ni nyama gani itakayoliwa kambini na wasasi wenyewe.

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya nyara zao. Sheria ya mwaka 2013 ya uhifadhi imeuendeleza msimamo huo. Si nia ya makala haya kuipinga. Paa nunga, kwa mfano, ambaye makao yake ni vipande vichache vya misitu ya pwani ya Kenya na Unguja, hangeweza kustahimili soko la nyama la miji ya leo. Lakini haifai kusimulia habari hii kana kwamba waliopokonywa ni watalii wenye bunduki pekee. Mwaaweer aliamka mhalifu kwa kazi aliyofundishwa na babu yake. Baadhi ya watu wake waligeukia kilimo cha kuhamahama, wakabaki na urinaji wa asali. Na tangu operesheni ya kiusalama ianze katika msitu wa Boni mwaka 2015, hata njia ya kuendea mizinga imekuwa na vizuizi. Nchini Tanzania mambo yamechukua mkondo mwingine: huko neno nyamapori limezoeleka hata sokoni, na kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha yaliyosajiliwa kuiuza.

Kilichosalia upande wetu ni chungu. Mapishi yaliyokusudiwa paa yanamfaa mbuzi, hasa paja la beberu aliyetembea sana, kwa sababu tatizo linalotatuliwa ni moja. Mnyama wa mbio ana misuli migumu na mafuta haba. Ukimchoma haraka kama ng'ombe wa zizini, atakauka na kuwa kama kamba. Anahitaji vitu vitatu: uchachu, moto mdogo na mafuta ya kuazima. Pwani ilivipata vyote pasipo kutoka nje ya ua.

Uchachu hutoka kwenye ndimu na ukwaju, na msaidizi wao ni papai bichi lililopondwa pamoja na tangawizi na kitunguu saumu. Nyama hukatwa vipande kwa kuvuka nyuzi zake, ikasingwa kwa mchanganyiko huo na kuachwa kwa muda wa saa moja hivi. Isizidi sana, maana papai halijui kuacha kazi, na nyama iliyosahauliwa ndani yake hugeuka ubwabwa. Kisha hutiwa chunguni na maji kiasi na chumvi, povu likaenguliwa, na moto ukapunguzwa hadi maji yawe yanacheka tu. Hapa ndipo wapishi wa siku hizi hushindwa, kwa kuwa wana haraka na gesi ni ghali. Kano za mnyama huyu hulegea kwa saa mbili au zaidi za moto wa makaa machache, na zikilegea ndizo zinazoupa mchuzi uzito. Bizari, pilipili manga, mdalasini na iliki huingia katikati ya safari hii, na ukwaju pia uingie hapa, mapema.

Mafuta ya kuazima ni nazi. Nazi hukunwa kwenye mbuzi (nalo ni jina la kuchekesha panapopikwa mbuzi), machicha yakakamuliwa kwenye kifumbu. Mkamuo wa kwanza hutoa kasimele, tui zito lenye mafuta yote; mikamuo inayofuata, baada ya kuongezwa maji, hutoa tui jepesi. Tui jepesi ndilo linaloimalizia nyama kuiva. Kasimele huja mwisho kabisa, na mpishi hukoroga polepole bila kuacha hadi mchuzi uchemke kidogo, kisha huteremsha. Ukwaju ukitiwa baada ya kasimele, au moto ukiwa mkali, tui hukatika: mafuta yakaelea upande wake na maji upande wake. Tui lililokatika linalika, ila mpishi ataomba radhi kwa kila mgeni.

Wali nao hupikwa kwa tui, na maji yanapokaribia kukauka hupaliwa: makaa huwekwa juu ya mfuniko ili joto litoke chini na juu. Chini ya chungu hubaki ukoko wenye rangi ya kahawia, ambao watoto huugombania na watu wazima hujifanya hawautaki.

Halafu huliwa. Jamvi hutandikwa uani au barazani baada ya magharibi, wakati upepo wa bahari unapoanza kuupoza mji. Sinia moja, watu wanne au watano, kila mmoja akila upande wake, na mwenye adabu akisukuma kipande kizuri cha nyama kuelekea kwa mgeni bila kusema neno. Baadaye huja kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, tende au haluwa, na mazungumzo. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi ambacho kina bei ya kutisha. Mahoteli ya ufuoni huwauzia wageni mandhari ya bahari kwa dola, ilhali raha ya pwani kwa wenyeji wake imekuwa ni nazi, ndimu, makaa na mtu wa kula naye.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha iko kazi ya kufanywa mapema. Wazee wa Aweer na Waata waliowinda kabla ya 1977 sasa ni wakongwe. Majina ya sehemu za windo, ya migao yake (nani hupewa paja, nani hupewa ini), ya namna za kuikausha nyama, na maneno waliyotumia kuuziana na Waswahili na Wabajuni, hayamo katika kamusi zetu kwa ukamilifu. Tasnifu za uzamili juu ya istilahi za kompyuta na benki ni nyingi maktabani. Juu ya istilahi za jiko la pwani mtu hutafuta kwa taa. Hata kikoa kimeanza kupotea. Katika mabweni yetu, wanafunzi wanne wa chumba kimoja hupika kwa zamu, Jumatatu huyu na Jumanne yule, wakilalamika kuwa mmoja wao hukwepa kununua nyama, na sijakutana na chumba ambacho wakaazi wake wanajua kwamba utaratibu wao una jina.