Selimundu na kipupwe cha ziwani

Mtu wa Kisumu akilalamikia baridi mbele ya mtu wa Nyahururu atachekwa. Mji wetu uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata Julai usiku wa kawaida ni wa nyuzi 16 au 17. Lakini kwa mwenye selimundu, sikoseli kama wengi wanavyoiita, kipimajoto hakisemi yote. Kinachomponza ni ngozi kupoa ghafla: mvua imemkuta sokoni Kibuye jioni, shati limelowa, kisha anapanda bodaboda na upepo unampiga hadi nyumbani. Usiku wa manane mapaja yanaanza kuuma.

Maumivu hayo yana njia yake. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, kwa mgonjwa huyu ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzinyuzi ngumu. Seli iliyokuwa laini inapinda mfano wa mundu. Sasa, ngozi ikipoa, mwili hubana mishipa midogo ili joto lisipotee. Damu inapita polepole, seli zinapinda kabla hazijatoka kwenye mishipa myembamba, zinakwama, na mfupa ulio mbele unakosa damu. Isitoshe, baridi huondoa kiu, na figo za mwenye selimundu hazijui kubana maji: anakojoa vilevile hata asipokunywa. Kwa hiyo anywe hata asipohisi kiu, uji na chai vikiwemo.

Kwamba ugonjwa huu umejaa kwetu si ajabu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akakuta wabebaji wa selimundu ni wengi pwani na kandokando ya ziwa, ila ni wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa.

Ninaowahofia zaidi ni wanafunzi. Mtoto wa ziwani anapelekwa shule ya bweni Kericho au Limuru, na muhula wa pili unaangukia kipupwe chenyewe. Alfajiri anaoga maji baridi, kisha anazuiwa kuvaa sweta ya pili kwa kuwa si sare. Sioni nidhamu gani inayojengwa hapo. Mzazi, omba barua kliniki: mtoto aoge maji ya moto, avae fulana na soksi za ziada, awe na chupa ya maji darasani na aruhusiwe kwenda msalani wakati wowote.

Nyumbani, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa leso inatuliza kiungo kinachouma; barafu, kamwe. Na jiko la makaa lisilale ndani. Moshi wake usioonekana humnyima oksijeni kila mtu chumbani, seuze huyu ambaye damu yake haina akiba.

Haidroksiyurea ndiyo dawa iliyobadilisha mambo. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatolewa 2019, ulionyesha kuwa watoto wanaoitumia hupata maumivu machache, malaria kidogo na vifo vichache. Humezwa kila siku, damu ikipimwa mara kwa mara, na haiachwi eti kwa sababu mtu amekaa miezi bila kuugua. Chandarua nacho kibaki kitandani msimu wote.

Maumivu ya kawaida yaanziwe nyumbani kwa dawa aliyoandikiwa na daktari, maji na blanketi. Lakini homa kali, kifua kinachobana pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea, au mtoto kupauka huku tumbo likivimba upande wa kushoto, hayo si ya kukandwa. Mpeleke Jaramogi, ile tuliyozoea kuiita Russia, au hospitali yoyote iliyo karibu, usiku huohuo.