Nyayo Zilizopinda Si Laana

Ndugu wanavikundi, tukitembelea Kisii na Nyamira huwa tunaulizwa: mtoto akizaliwa nyayo zimegeukia ndani, ni nani amekosa? Mara nyingi lawama humwendea mama. Sisi twasema, hakuna aliyekosa.

Mifupa yenyewe ni shahidi. Huko Uingereza wataalamu wamefukua makaburi ya kale sana wakakuta mifupa ya nyayo zilizopinda vivyo hivyo. Kwa hivyo jambo hili si geni, wala si la boma moja. Humpata kama mtoto mmoja kwa kila 1,000, na wavulana ni kama mara mbili ya wasichana. Damu ya ukoo huchangia, sawa na kimo au sura. Mzazi hurithisha bila kujua.

Watu wa kale walizikwa na nyayo hizo. Wetu hawana haja. Daktari Ignacio Ponseti wa Marekani alianzisha njia yake miaka ya 1940: mguu hunyooshwa polepole na kufungwa plasta mpya kila wiki, kwa wiki 5 hadi 8 hivi. Wengi hukatwa kidogo mshipa wa nyuma ya kisigino. Halafu mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, mchana na usiku kwa miezi 3, kisha usiku tu mpaka miaka 4 hivi. Mkiviacha mapema, mguu hurudia kupinda.

Basi msingoje. Mpelekeni hospitali wiki za kwanza. Nauli ya kila wiki ndiyo huwashinda wazazi wengi. Hapo kikundi kichange.