Alama fiche na alama ya dole: tofauti ya matumizi

Mtu asiyejua kuandika anapouza jaruba la mpunga wilayani Bahi, magharibi ya jiji la Dodoma, hutia dole gumba kwenye hati mbele ya mashahidi. Kutia dole ni kitendo cha makusudi chenye maana ya sahihi: kidole hupakwa wino, hukandamizwa mahali palipotengwa, na alama hubaki wazi kwa kila asomaye. Karatasi hiyohiyo, hata hivyo, hubeba alama nyingine zisizoonekana kwa macho, zilizoachwa na jasho la walioishika. Hizo ndizo alama fiche. Kivumishi fiche hakichukui kiambishi cha ngeli: alama fiche, lugha fiche, maandishi fiche.

Tofauti hii ina uzito mahakamani. Tuseme muuzaji anakana: "Sikutia dole." Polisi wakikuta alama yake fiche pembezoni mwa hati, wamethibitisha kwamba aliigusa karatasi, hawajathibitisha kwamba aliridhia. Pengine alipewa aitazame tu, au alimpokeza jirani, au aliishika ikiwa bado tupu. Mfasiri anayeandika "alama yake ya kidole imepatikana kwenye hati", bila kubainisha ni ipi kati ya hizo mbili, anaweza kumkosesha mtu shamba kwa sentensi moja.

Kitenzi kuchukua nacho kina mtego. Polisi huchukua alama za mtuhumiwa kwa kumpaka wino vidoleni. Alama za karatasini huibuliwa kwanza, hupigwa picha, ndipo zilinganishwe na zile zilizochukuliwa. Kuibua kunafaa zaidi kwa sababu alama ilikuwamo tangu awali, imezama katika nyuzi za karatasi. Kwa sababu hiyohiyo, unga unaopakwa kwenye kioo au chuma hausaidii sana hapa: karatasi hufyonza jasho.

Kemikali inayotumika zaidi ni ninihidrini. Iligunduliwa na Siegfried Ruhemann mwaka 1910, lakini ilisubiri hadi 1954 ndipo Odén na von Hofsten, watafiti wa Sweden, walipoipendekeza kwa kazi ya alama za vidole. Ikikutana na asidi amino za jasho, huzaa rangi ya zambarau na mistari ya kidole hujitokeza, wakati mwingine hata kwenye karatasi ya miaka mingi. Mmenyuko huo huhitaji unyevu. Katika ukavu wa kiangazi wa nyanda za kati, karatasi iliyoachwa mezani ingechelewa kuonyesha rangi. Maabara hutumia kabati lenye joto na unyevu vilivyopimwa.

Maji ya mvua ni jambo jingine. Huyeyusha asidi amino na kuziondoa, kwa hiyo ninihidrini haitaonyesha kitu kwenye hati iliyoloa. Hata hapo kazi haijaisha: upo myeyusho wenye madini ya fedha ambao hunasa mafuta ya ngozi, na mafuta hayayeyuki majini. Basi "haikuibuliwa alama" kusitafsiriwe "haikuguswa".

Hati ikishafika mikononi mwa polisi huitwa kielelezo. Hushikwa kwa kibano au kwa glovu na kuwekwa ndani ya bahasha. Desturi ya kuifunika hati kwa plastiki ya moto ili isichakae, ingawa ina nia njema, huizuia kemikali isiifikie karatasi.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inakubali maoni ya mtaalamu kuhusu alama za vidole. Neno maoni lihifadhiwe katika tafsiri. Mtaalamu hatoi hukumu. Sentensi iliyo salama ni kama hii: "Kwa maoni ya mtaalamu, alama fiche iliyoibuliwa nyuma ya ukurasa wa pili ni ya muuzaji; alama ya dole iliyo mahali pa sahihi si yake."