Akili unde yamkuta mchongaji wa Tabaka bila jina

MCHONGAJI wa vinyago wa Tabaka, katika eneobunge la Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, hawezi kuamua umbo kabla ya kulikagua jiwe lenyewe. Likiwa na ufa, tembo aliyekusudiwa huenda akaishia kuwa kiboko. Hulichonga likiwa bado na unyevu, kwa panga, patasi na kisu. Kisha jamaa zake, aghalabu wanawake, hulisugua kwa msasa na maji na kulipaka nta hadi ling'ae.

Kompyuta haisumbuliwi na ufa. Tangu 2022, zilipofunguliwa kwa umma programu za kuunda picha kama vile Midjourney na Stable Diffusion, mwenye simu anaweza kuandika maneno machache akaletewa, kwa muda mfupi, picha ya kinyago cha Kisii ambacho hakuna mtu aliyewahi kukichonga.

Programu hizi za akili unde hufunzwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno, hata mabilioni, zilizokusanywa kutoka kwenye intaneti pamoja na maelezo yake. Haziweki picha hizo kama albamu; hujifunza uhusiano baina ya maneno na maumbo, rangi na mistari. Hivyo basi, picha za vinyago ambazo wafanyabiashara wamezitundika mtandaoni kwa miaka mingi zinaweza kuwa sehemu ya mafunzo hayo, pasipo mchongaji kuombwa idhini wala kulipwa.

Kinachouma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za Tabaka huuzwa bila jina. Sahani, bao la chesi au sanamu ya mama na mtoto hufika Nairobi, London au Chicago ikiitwa tu jiwe la Kisii. Mashine haikulifuta jina la mchongaji. Ililikuta limekwisha kufutwa. Msanii wa ng'ambo anayelalamika kuwa mtindo wake umeigwa huwa na jina la kutaja mahakamani. Mzee wa Tabaka atataja lipi?

Wapo waliojinasua, naye Elkana Ong'esa, mzawa wa Tabaka, ndiye mfano ulio wazi. Sanamu yake ya ndege wa amani imewekwa katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na inajulikana kuwa ni yake.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, hulinda kazi mahsusi, si mtindo. Aidha, kwa kazi iliyozalishwa na kompyuta, sheria hiyo humhesabu kuwa mtunzi yule aliyefanya maandalizi ya kuiwezesha kuwapo. Huenda basi aliyeandika maneno machache kwenye simu akadai haki ambayo aliyevuta vumbi la jiwe kwa miaka 30 hajawahi kuidai. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa serikali za kaunti jukumu la kuyasajili, na hapo Kisii na Nyamira zina la kufanya.

Nyamira inaguswa pia, kwani wapiga obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, wako katika hali iyo hiyo. Mnamo Juni 2024 kampuni kubwa za muziki za Marekani zilizishtaki Suno na Udio, zinazounda nyimbo kwa kompyuta, kwa madai ya kutumia rekodi zao bila ruhusa. Mpiga obokano hana kampuni ya kumshtakia.

Baadhi hujifariji kuwa kompyuta haina mikono. Wasijidanganye: huko Carrara, Italia, roboti tayari huchonga marumaru, jiwe gumu kuliko la Tabaka.

Kuchora jina na mwaka chini ya kinyago, na kukipiga picha kabla hakijaondoka, ni kazi ya dakika chache. Kikwazo ni dalali, ambaye huenda asipendezwe mnunuzi akimjua mchongaji kwa jina.